Ng'ambo nayo ni mji mkongwe jamani

Nimesoma hii makala ya mitaa ya zamani Unguja kutishiwa na barabara na maghorofa mapya, nimeumia ila mbona mmeishia Mji Mkongwe tu? Ule una ulinzi, uko kwenye urithi wa dunia wa Unesco tangu 2000, sasa Ng'ambo, ile mitaa ya upande wa pili wa mji, nani anailinda? Huko ndo alikoishi Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarab, ndo taarab ya Kiswahili ilikokulia. Baada ya mapinduzi ya 64 zikavunjwa nyumba kibao kupisha zile fleti za Michenzani na yale mabarabara mapana, watu wakapata maji na umeme sawa sikatai, lakini mabaraza yalikwenda wapi? Nyumba ya bibi yangu ilikuwa ya udongo na boriti za mikoko, nje baraza ya saruji imesuguliwa na makalio ya watu mpaka inang'aa, jioni hapo kahawa, bao, watoto wa chuo wanapita na misahafu, mgonjwa akikosekana siku moja tu anagongewa mlango. Ghorofa ya tano utakaa baraza wapi? Jengeni lakini wenye mitaa waulizwe kwanza, si kuja kupiga X nyekundu ukutani watu wamelala