Sio kila peji nzito ni kosa la mtandao wa Kigoma

Huku Kigoma ukimwambia mtu websaiti yake nzito, jibu ni mtandao wa huku mbovu, au fundi anamwambia ahame hosti (kampuni inayomtunzia websaiti) alipie kifurushi kikubwa zaidi, basi mwenye gesti anatoa hela na peji bado inazunguka vilevile. Hili linaniuma kweli, maana kujua kinachochelewesha peji hakuhitaji hela, unahitaji laptopu yenye Chrome basi.

Fungua peji, bonyeza F12, nenda palipoandikwa Network, weka tiki kwenye Disable cache (usipoweka, brauza inakuletea mafaili iliyokwisha kuyahifadhi na utadhani mambo safi), hapohapo juu acha spidi kwenye No throttling (ukichagua 3G, Chrome yenyewe inaongeza kuchelewa na utamlaumu mtu wa hosti bure) halafu rifreshi. Kila faili litashuka na mstari wake. Kijani ni muda wa kusubiri seva ijibu, bluu ni muda wa faili lenyewe kushuka. Faili la kwanza kabisa likiwa na kijani kirefu, sekunde 2 au 3, hapo sawa, msumbue mtu wa hosti, Google wenyewe wanashauri isizidi sekunde 0.8. Ila kijani kikiwa kifupi na bluu ndo ndefu, kuhama hosti ni kutupa hela, na fundi anayekwambia uhame bila kukuonyesha hiyo mistari usimlipe.

Mara nyingi mchawi ni picha. Juzi nimefungua websaiti ya gesti moja hapa Mwanga, picha ya ziwa jua linazama upande wa Kongo, nzuri sana, imetoka kwenye simu ikapandishwa hivyohivyo, pikseli 4000 kwa 3000, MB 5, na inaonekana kwenye kiboksi cha pikseli 400! Piga hesabu, MB 5 ni megabiti 40, mteja akipata megabiti 1 kwa sekunde hiyo ni sekunde 40 kwa picha moja tu, na bando lake linaliwa. Ipunguze upana iwe pikseli 800, ihifadhi kwa WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), inakuwa ndogo mno na jicho halioni tofauti.

Skripti nazo, yaani vile vijiprogramu vinavyoendeshwa ndani ya peji, watu wanazidharau kwa sababu zina KB chache, lakini picha ikishafika kazi karibu imeisha, skripti ikifika simu inabidi iisome na kuiendesha, na simu za wateja wetu wengi ni za bei ndogo. Bonyeza kulia kwenye mstari wa skripti unayoishuku, uizuie, rifreshi, uone peji imewahi kwa sekunde ngapi, kisha jaribu nyingine. Kitufe cha kuchati, ramani, fonti nne za mapambo, kaunta ya kuhesabu wanaofungua websaiti, vyote pima hivyohivyo. Kaunta mimi nasema itolewe tu bila hata kupima, mteja anataka bei ya chumba na namba ya simu.