Stesheni iko Miritini, mji uko kisiwani

Huu ni mwaka wangu wa 11 hapa Hamburg, Ujerumani, na kila nikishuka stesheni kuu namkumbuka mamangu. Jengo lenyewe lilifunguliwa 1906, wakati ambapo reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imeshafika Kisumu tangu 1901. Mpaka leo liko palepale, katikati ya mji. Ukitoka mlangoni unaingia barabara ya maduka, na treni za mjini zinapita chini ya miguu yako. Bibi kizee mwenye mkongojo anashuka, anavuka barabara, anakwenda zake.

Sisi watu wa Mombasa pia tulikuwa na stesheni yetu mjini, pale mwisho wa Barabara ya Haile Selassie. Garimoshi la usiku likitoka Nairobi jioni. Asubuhi, likishavuka Makupa kuingia kisiwani, watu wanafungua madirisha, harufu ya bahari inajaa behewani, kina mama wanajifunga leso vizuri na kuhesabu mizigo. Mahamali wanangoja nje. Ukitaka, unatembea mpaka nyumbani.

Mwaka 2017 likaja Madaraka, treni ya reli mpya ya SGR, na lile la usiku likakoma. Madaraka ni treni nzuri, nalisema kwa moyo mmoja. Mwendo wa saa tano hivi kutoka Nairobi, viti safi, kila mtu na nambari yake. Lile la zamani lilikuwa likichelewa mpaka watoto wanalia njaa, na sitaki wazazi wangu warudishwe huko. Hata huku treni huchelewa, msidanganywe.

Lakini treni inakushusha Miritini, bara, nje ya kisiwa. Mwaka 2019 nilikwenda na mama Nairobi kwa daktari wa goti. Tulirudi na treni ya alasiri, tukashuka giza limeshaingia. Matatu zilikuwa zimejaa, watu wanasukumana. Dereva wa teksi akatutajia shilingi 1,500 mpaka Majengo, kule kisiwani. Tiketi ya mama ya kilomita zaidi ya 470 ilikuwa 1,000. Mama akakaa juu ya begi, akaniuliza, "Mwanangu, hapa tumefika Mombasa au bado?"

Sikuwa na jibu.

Nairobi nako stesheni mpya iko nje, Syokimau, lakini abiria wana treni ya kuwaunganisha na stesheni ya zamani ya mjini. Mombasa inastahili vivyo hivyo: reli ya zamani inavuka Makupa na kuingia mpaka mjini. Tunataka treni inayongoja abiria wa kila Madaraka, iwe ya mchana au inayofika usiku wa manane, kwa nauli ya matatu. Na ile stesheni ya Haile Selassie iwe na taa, mabenchi, choo, na mtu dirishani wa kumkatia tiketi mzee asiyejua kulipia kwa simu.

Mama bado huhudhuria kliniki Nairobi. Siku hizi anapanda basi, saa nane za kukunja goti lile lile, kwa sababu basi linamshusha Mwembe Tayari, mjini kabisa.