Chupa Zina Wenyewe, Pempasi Hazina

Ndugu zangu, mimi sina ugomvi na usafi. Ugomvi wangu ni na Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Serikali ilisema siku hiyo nchi nzima ifanye usafi, sawa, nimekubali. Ila nchi nzima haikai kando ya barabara ya Segera–Chalinze kama sisi. Jamaa yangu wa kule bondeni anafagia majani ya mwembe wake, saa mbili ameshamaliza, anakunywa chai. Sisi wa barabarani tunaokota mabaki ya abiria wa Arusha, Moshi, Tanga na Lushoto, watu ambao hata chungwa hawajawahi kutuungisha.

Mtendaji anasema tunajitolea. Kweli tunajitolea, maana jana yake mgambo alipita na kipaza sauti kutangaza faini ya asiyejitolea. Glavu zipo jozi moja, kavaa mwenyekiti wa kitongoji, na kazi yake yeye ni kuonyesha kwa kidole: “Pale umeacha.”

Chupa tupu za maji usiziulize. Zinauzwa kwa kilo, kwa hiyo vijana wa skrepa walishajitolea tangu alfajiri. Sisi wa reki na kwanja tunabakiziwa visivyouzika: pempasi, maboksi ya chipsi, na ile chupa. Mnaijua. Imejaa nusu, ina kifuniko, rangi ya juisi ya ukwaju. Zamani basi lilisimama porini watu wakachimbe dawa, wanaume huku, wanawake kule, yakaisha. Siku hizi dereva ana haraka, basi abiria anachimbia dawa hapohapo kitini, anafunga kifuniko kwa adabu zote, halafu anafungua dirisha. Bibi mmoja aliiokota, akaitikisa juani, akauliza kama ni mafuta ya kula. Tulimwomba sana aiweke chini.

Halafu kuna rambo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ni marufuku. Ukikutwa nayo, faini haipungui elfu thelathini, au hadi siku saba ndani, au vyote. Mimi raia mwema nilinunua kapu. Sasa nikiinama kuokota rambo mtaroni, si ndiyo nimekutwa nalo? Nilimuuliza mgambo. Akafikiri kidogo, akaniambia niokote upesi.

Lakini lililotumaliza mwezi huu ni Fuso. Lilikuja usiku kutoka mjini, likamwaga karibu na daraja: jipsamu, matairi, magunia ya manyoya ya kuku wa kisasa, na makochi. Ati huku ni porini. Siku za kampeni sisi ni wananchi wapendwa, siku za taka sisi ni pori! Kochi moja lilikuwa bado zima, mwenyekiti akalichukua kama kielelezo. Kielelezo kipo sebuleni kwake mpaka leo, kimetandikwa vitambaa.

Katika kupekua tukapata kadi ya mchango wa harusi, ina namba ya mweka hazina. Tukashangilia, mwizi kapatikana! Mtendaji akakohoa, akaweka simu sauti ya juu ili sote tusikie anavyombana mtu.

“Haloo, mimi ni mtendaji wa kijiji, nina kadi yenu hapa mkononi…”

“Shikamoo mzee! Tulikuwa tunakusubiri wewe tu. Ahadi yako tuandike ngapi?”

“Hapana, sikiliza, mimi…”

“Mtendaji mzima, mzee, usituangushe. Single au dabo?”

Tukamtazama. Umati wote ule, reki mabegani. Mtu mwenye cheo akiulizwa hivyo mbele za watu atajibu nini?

“Dabo,” akasema.

Elfu hamsini. Taka bado zipo pale darajani, na jana mgambo kapita tena na kipaza sauti: kila kaya shilingi mia tano, mwisho wa kulipa Ijumaa.