Uzazi wa mpango kwa hiari, na nyuki wetu pia

Makala yenu inasema wanawake wa mashamba ya maua ya Naivasha, Kenya, wanapanga uzazi kwa wingi kwa sababu wameelimika. Hiyo ni nusu tu. Nimefanya kazi ya kupanga maua ya waridi miaka sita, kwa mikataba ya miezi michache michache. Mwenzetu akianza kuonekana tumbo, mkataba ukiisha haitwi tena. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo yenye mshahara, lakini itamfaa nini aliyekwisha achwa nje ya geti? Ndiyo maana tulikimbilia sindano ya Depo ya kuzuia mimba mapema Januari, maana msimu wa Valentine, maua yakihitajika sana, ruhusa ya kwenda kliniki hakuna. Mwanamke apange uzazi kwa hiari yake, si kwa kumwogopa supavaiza.

Kuhusu nyuki, mmesema kweli kwamba dawa za mashamba zinawaua. Baba ana mizinga jirani na shamba moja. Asubuhi baada ya dawa kupulizwa tulikuta nyuki wametapakaa chini ya mgunga, wengine chali, miguu ikitetemeka. Ulaya, inakouzwa sehemu kubwa ya maua yetu, ilipiga marufuku imidaklopridi, dawa ya wadudu inayodhuru nyuki, nje ya grinihausi mwaka 2018. Nasi tunaomba wapulize jioni, nyuki wakisharudi, na watuarifu siku moja kabla.