Vishikwambi shuleni: nani hasa anafaidika?

Serikali ya Jubilee iliingia madarakani Kenya mwaka 2013 ikiwa imeahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya awali ilifutwa, mpango ukabadilika, na kuanzia 2016 shule za msingi za umma zikapelekewa vifaa zaidi ya milioni 1, vingi vikiwa vishikwambi. Katika shule kadhaa viliishia stoo, nyuma ya mlango wa chuma. Ufunguo anao mwalimu mkuu, naye anasita kuutoa kwa kuwa kikipotea kimoja, atakayeulizwa ni yeye.

Wapo watafiti wasioridhika na swali la kama kifaa kinafundisha. Wao huuliza nani amekiuza, nani ameamua kinunuliwe, na taarifa za mtoto zinakwenda wapi. Wana haki ya kuuliza. Mwaka 2022 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilichunguza programu na tovuti 164 za masomo zilizotumika wakati wa korona katika nchi 49, likakuta asilimia 89 zinakusanya au kutumia taarifa kwa namna inayohatarisha au kukiuka haki za watoto. Na hata kwenye swali la kufundisha, kule Peru tathmini ya shule 319 haikuona alama za hesabu na lugha zikipanda baada ya vipakatalishi kugawiwa.

Hata hivyo, Machi 2020 shule zilipofungwa, watoto wa shule za ada kubwa Nairobi waliendelea kusoma mtandaoni. Wenzao wengi wa Turkana, kaskazini mwa nchi, hawakuwa hata na redio, na wengi wao walirudi darasani Januari 2021. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na anayesema mtoto wa kijijini aepushwe na teknolojia kwa usalama wake. Mtaala wenyewe umeuweka ujuzi wa dijitali kati ya umilisi (uwezo) 7 wa msingi, na mtoto huyo atapimwa kama wenzake.

Mimi nawaunga mkono watafiti hao kwenye suala la taarifa za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai idhini ya mzazi, na mwaka 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa faini ya zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Lakini shule ni rahisi sheria kuifikia. Kampuni yenye seva ng'ambo je? Kabla ya zabuni nyingine, wizara iuweke mkataba hadharani: taarifa gani zitachukuliwa, zitakaa wapi, kifaa kikiharibika nani atakitengeneza, na mwalimu atafunzwa kwa fungu gani la bajeti.