Faili za Epstein: Wanasiasa ni wanafiki, lakini kelele zao zilihitajika

Novemba 18, 2025 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipiga kura 427 kwa 1 kuilazimisha Wizara ya Sheria itoe hadharani nyaraka za uchunguzi wa Jeffrey Epstein, tajiri aliyekuwa akiwadhalilisha kingono wasichana wadogo. Seneti haikuweka pingamizi, na kesho yake Rais Donald Trump akasaini. Kwa kura kama hiyo ungesema viongozi wa nchi ile wana msimamo mmoja katika jambo hili. Hawana.

Julai mwaka huohuo, Wizara ya Sheria na FBI zilitoa waraka kwamba hakuna "orodha ya wateja" wa Epstein na kwamba hakuna nyaraka zaidi zitakazotolewa. Trump akaliita suala lote uzushi wa Democrats. Uongozi wa Republican, chama cha Trump, ukawaruhusu wabunge kwenda likizo mapema, wakati mvutano wa faili hizo umepamba moto. Wengi waliokuwa wakizidai kwenye kampeni za 2024 wakanyamaza. Upande wa pili nao hauna cha kujivunia: Democrats walishika Ikulu tangu 2021 hadi Januari 2025, na kesi ya Ghislaine Maxwell, mshirika wa Epstein, ilisikilizwa na kumtia hatiani katika kipindi hicho, lakini chama hakikuzidai nyaraka zilizobaki kwa sauti tunayoisikia leo. Sauti ilipanda walipoona zinaweza kumuumiza Trump. Na Republican wanapomtaja Bill Clinton, rais wa zamani kutoka Democrats aliyesafiri kwa ndege ya Epstein, hawapendi kukumbushwa kwamba Trump naye alikuwa rafiki yake na alimsifu kwenye jarida mwaka 2002. Wote wawili wanakana kosa lolote, na hakuna kati yao aliyeshtakiwa kuhusiana na Epstein. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kwa hiyo wapo wanaosema hasira ya namna hii haina thamani. Wanasema manusura wamegeuzwa mawe ya kurushiana, na siku jiwe likiisha kazi litatupwa. Hoja hiyo ina uzito, na historia ya Bunge hilohilo inaipa nguvu.

Desemba 1998 Republican walimfungulia Clinton mashtaka ya kumwondoa madarakani kwa kusema uongo chini ya kiapo kuhusu uhusiano wake na Monica Lewinsky, kijana aliyekuwa akifanya kazi Ikulu. Newt Gingrich, Spika aliyeongoza vita hiyo, baadaye alikiri kwamba wakati huohuo naye alikuwa na mwanamke nje ya ndoa. Bob Livingston, aliyeteuliwa kumrithi, akajitoa siku ileile ya kura kwa sababu ya mambo ya nje ya ndoa. Chama kikamtafuta mtu msafi, asiye na makuu, aliyewahi kuwa mwalimu na kocha wa mieleka katika shule ya sekondari ya Yorkville, Illinois. Jina lake Dennis Hastert. Alikuwa Spika kuanzia 1999 hadi 2007.

Mwaka 2006, chini ya uspika wake, mbunge Mark Foley alijiuzulu baada ya kufichuka ujumbe wa kingono aliokuwa akiwaandikia vijana waliowahi kuwa watumishi wa Bunge. Foley ndiye aliyekuwa akiongoza kundi la wabunge la kutetea watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Kamati ya Maadili ilikuta viongozi na wasaidizi wao walizembea walipoonywa, lakini haikumwadhibu mtu.

Miaka kadhaa baadaye ikajulikana kwamba Hastert alikuwa akitoa benki fedha taslimu kidogokidogo. Alikuwa ameahidi kumlipa mtu mmoja dola milioni 3.5 ili anyamaze. Huyo alikuwa mmoja wa wavulana aliowadhalilisha kingono alipokuwa kocha wao. Aprili 2016 jaji alimwita mnyanyasaji sugu wa watoto, akamfunga miezi 15. Kosa alilofungwa nalo lilikuwa la kukwepa taratibu za benki za kutoa taarifa mtu anapochukua fedha nyingi taslimu. Kwa yale aliyowafanyia wavulana hakushtakiwa kamwe, kwa kuwa muda wa kufungua mashtaka ulikuwa umeisha miaka mingi nyuma. Barua zipatazo 40 za kumwombea huruma zilifika kwa jaji, baadhi kutoka kwa wanasiasa waliofanya naye kazi, akiwemo Tom DeLay aliyekuwa kinara wa chama bungeni.

(Niseme wazi: uhusiano wa watu wazima walioridhiana, hata pale mmoja ana mamlaka juu ya mwenzake, si kitu kimoja na kumdhalilisha mtoto. Bunge lile lilitumia mwaka mzima kwenye la kwanza, na kwenye la pili halikutaka kujua.)

Mpaka hapo mwenye hoja ya unafiki ameshinda. Mimi napata taabu kumfuata mpaka mwisho, na sababu yangu ni kile kilichotokea Florida mwaka 2007 na 2008, ambako hapakuwa na kelele za siasa hata kidogo.

Polisi wa Palm Beach walianza uchunguzi mwaka 2005, baada ya mzazi kutoa taarifa kuhusu binti yake wa miaka 14. Walipata wasichana wengi wenye maelezo yanayofanana. Kesi ikafika kwa mwendesha mashtaka wa serikali kuu, Alexander Acosta, na mawakili wa Epstein wakaketi na ofisi yake faraghani. Kilichotoka ni makubaliano ya kutomshtaki katika mahakama za serikali kuu, na kinga hiyo ikawafunika hata watu waliodhaniwa kushirikiana naye. Epstein alikiri makosa mawili katika mahakama ya jimbo, yaliyoandikwa kama kushawishi ukahaba. Yaani mtoto aliyedhalilishwa aliingia kwenye kumbukumbu za mahakama kana kwamba alikuwa anauza mwili. Epstein alihukumiwa miezi 18, akatumikia kama 13, na sehemu kubwa ya muda huo aliruhusiwa kutoka jela kwenda ofisini kwake saa 12 kwa siku, siku sita kwa wiki, akiwalipa mwenyewe maofisa waliomlinda. Wasichana hawakuambiwa kuhusu makubaliano hayo. Mwaka 2019 jaji aliamua kwamba kuwaficha vile kulivunja sheria ya haki za waathirika.

Hakuna mwanasiasa aliyepaza sauti wakati ule, wa chama hiki wala kile, kwa sababu hakuna aliyekuwa na cha kuvuna. Epstein aliwachangia fedha na kufahamiana na watu wa pande zote. Ukimya huo wa pamoja ndio uliomwacha huru miaka kumi zaidi. Ilichukua kazi ya mwandishi Julie K. Brown katika gazeti la Miami Herald, Novemba 2018, kuifufua kesi. Epstein alikamatwa Julai 2019, na wiki hiyohiyo Acosta, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa kazi wa Trump, akatangaza kujiuzulu. Sidhani angejiuzulu bila wapinzani wa Trump kumwandama, na sihitaji kuamini kwamba wote walikuwa na uchungu na wale wasichana.

Ndivyo ilivyokuwa 2025 pia. Hoja ya wabunge Thomas Massie na Ro Khanna, mmoja wa Republican na mwingine wa Democrats, ya kuupeleka muswada wa faili hizo kwenye kura, ilihitaji saini 218 ili ipite juu ya kichwa cha Spika. Democrats wote walisaini, na ni rahisi kuona faida yao. Republican waliosaini walikuwa wanne tu: Massie mwenyewe, Marjorie Taylor Greene, Lauren Boebert na Nancy Mace. Hao walikuwa wanaenda kinyume na rais wa chama chao, na Greene alilipia kwa kuitwa msaliti na Trump. Ukitaka kujua hasira ya kweli, mtazame mtu pale inapomgharimu upande wake. Hata hivyo saini nne peke yake zisingefungua kitu. Zilihitaji zile 214 za wenye nia mchanganyiko.

Hatari iliyobaki ni kubwa na sitaki kuipita haraka. Yule mmoja aliyepiga kura ya hapana, Clay Higgins wa Louisiana, alisema muswada ulivyoandikwa utawaumiza watu wasio na hatia, mashahidi wakiwemo. Alikuwa peke yake, lakini hoja yake haikuwa ya hewani. Mwezi huohuo mawakili wa waathirika walilalamika kwa jaji kwamba nyaraka zilizotolewa na kamati ya Bunge zilibeba majina ya wanawake ambayo hayakufichwa. Na sisi tunaosoma kwa mbali tunachangia madhara: Januari 2024 nyaraka za kesi ya madai dhidi ya Maxwell zilipofunguliwa, orodha za uongo za "wateja" zilisambaa kila pembe ya mitandao, na magrupu ya WhatsApp ya Kiswahili hayakubaki nyuma. Jina la shahidi, la mtu aliyetajwa kwa kupita na la mtuhumiwa yaliwekwa kapu moja. Anayesambaza vitu hivyo anamsaidia mwenye hatia halisi, maana kesho atasema na lake ni uzushi.

Kwa hiyo simpimi mwanasiasa kwa usafi wa moyo wake, ambao siwezi kuuona. Nauliza hasira yake imeacha nini kwenye vitabu vya sheria. Illinois, aibu ya Hastert iliishia mahali penye faida: Agosti 2017 gavana Bruce Rauner, Republican kama Hastert, alisaini sheria iliyoondoa ukomo wa muda wa kushtaki makosa makubwa ya kingono dhidi ya watoto. Wavulana wa Yorkville haikuwafaa. Lakini aliyetendewa hivyo akiwa mtoto jimboni humo baada ya sheria hiyo anaweza kwenda polisi hata akiwa na miaka 50, na hahitaji kusubiri siku ambayo jina la aliyemtenda litakuwa na faida kwa chama fulani.