Programu Yenye Masharti ya Mganga

Hizi programu za wavuti mnazotuambia "pakua, sakinisha, dakika tano umemaliza", mbona hamsemi kuwa zina masharti kama ya mganga? Unaifungua kwa bashasha zako, unapokewa na ukurasa wa ukaguzi unaodai viendelezi, yaani vipande vya ziada vya PHP, lugha iliyoandikiwa programu yenyewe. Iko wapi mbstring? Iko wapi curl? gd je? Nyingine hazina hata adabu ya kutaja yote kwa mpigo. Unahangaika na zip mpaka inakubali, ndipo inakumbuka kuwa hata fileinfo huna. Si ungesema mapema, mama?

Ila kisa cha kiendelezi kiitwacho intl ndicho kitakachonipandisha presha. Nimeiweka, nimewasha huduma upya, bado nyekundu. Naingia kwenye terminali, lile dirisha la kuandika amri, naandika php -m inayoorodhesha viendelezi, naiona hii hapa, imejikalia baina ya iconv na json. Terminali inasema ipo, kivinjari kinasema haipo. Sasa nimwamini nani?

Kumbe seva moja inabeba PHP ya terminali na PHP ya wavuti, na kila moja ina php.ini yake, yaani faili lake la mipangilio! Tazama ndani ya /etc/php: folda ya cli (ya terminali) ile, folda ya fpm (ya wavuti) ile, zinapakana lakini hazijuliani hali. Huenda hata matoleo yasilingane. Unaweza kurekebisha faili la cli mpaka kuche, wavuti haina habari. Dawa yake ni kutengeneza kijifaili chenye phpinfo(), amri ya kuonyesha mipangilio ya PHP, ukifungue kwa kivinjari, uone ni php.ini ipi hasa iliyosomwa. Halafu ukifute papo hapo, maana kinaanika siri za seva nzima kwa kila apitaye.

Haya, tuje kwenye kupakia mafaili. PHP ikija kama ilivyo, upload_max_filesize, kikomo cha faili moja, ni megabaiti 2. Mbili! Picha moja ya simu za siku hizi inaweza kuzipita hizo. Unapandisha hadi 64, unajipongeza, kumbe post_max_size, kikomo cha fomu nzima, imebaki 8. Na ukiizidi hiyo, usitarajie ujumbe wa maana: fomu inafika tupu, kana kwamba hukuandika kitu. Na kama mbele ya PHP kuna Nginx, ile programu inayopokea wageni wa wavuti, yeye amesimama mlangoni na kikomo chake cha megabaiti 1, anakutupia 413, yaani "mzigo mkubwa mno", usoni kabla PHP haijajua kitu. Hivi hawa hawana kikao cha pamoja?

Ruhusa za mafolda sizisemi sana. Kila ukiuliza hakosekani fundi wa kukwambia, "Weka ruhusa 777 ulale." Ulale wewe! 777 maana yake yeyote mwenye akaunti kwenye seva hiyo anaweza kusoma, kuandika na kuendesha atakacho, mradi tu ana njia ya kufika hapo. Mara nyingi tatizo ni mmiliki tu. Mpe folda mtumiaji anayeendesha PHP, weka 755 kwa mafolda na 644 kwa mafaili, ili mmiliki peke yake aandike, mambo yaishe.

Basi, baada ya jasho lote hilo, ukurasa mzima kijani. Kijani juu mpaka chini! Nabonyeza "Endelea", naegemea kiti. Ujumbe unatokea: kuna kifurushi kimoja humo ndani kinataka PHP ~8.1.0, na ya kwangu ni 8.3.

Kile kialama cha wimbi, kwa wasiokijua, maana yake ni 8.1 na 8.1 peke yake. Yaani seva inakataliwa kwa kosa la kuwa mpya! Na maelezo yao wenyewe yameandika "8.1 au zaidi". Tatu si zaidi ya moja? Au hata kuhesabu kunataka kiendelezi?

Nimeangalia. Kipo kiendelezi cha hesabu, kinaitwa bcmath, na sijakiweka.